PETRO NA MOTO WA MAKAA



Huenda siku moja ulinyoosha mkono kwenye mkutano kama huu, ukaombewa, ukalia. Wiki tatu ukawa moto kweli kweli. Halafu ukarudi kijiweni, ukaonja pombe tena, au ukaanguka na binti wa watu. Leo umesimama kule nyuma kabisa, unasema moyoni, "Mimi ndiyo basi tena." Au hujaokoka kamwe, maana unajijua, hutaweza kusimama. Hebu soma habari za Petro.

Alikuwa mvuvi wa Galilaya, mtu wa maneno mengi. Usiku ule alimwahidi Yesu kwamba yuko tayari kwenda naye gerezani, hata kufa (Luka 22:33). Saa chache baadaye yuko uani kwa kuhani mkuu. Baridi kali, watumishi wamewasha moto wa makaa, naye akajisogeza aote (Yohana 18:18). Aliyemtisha kwanza hakuwa askari mwenye upanga. Ni msichana mlinda mlango! Akakana. Mara ya pili, akakana. Mara ya tatu akaanza hata kujilaani na kuapa (Mathayo 26:74). Jogoo akawika. Luka anaongeza jambo ambalo hunichoma kila nikilisoma: Yesu aligeuka, akamtazama. Petro akatoka nje akalia sana.

Yuda naye alijuta, hata akarudisha vile vipande 30 vya fedha. Lakini majuto yake aliyapeleka kwa makuhani, nao wakamwambia ni shauri lake. Akaenda peke yake, akafa. Petro yeye alirudi kwa wenzake. Kijana, Ibilisi haridhiki na kukuangusha tu. Anataka ukishaanguka ukae peke yako.

Sasa fungua Yohana 21. Petro amekwenda kuvua, usiku kucha wavu mtupu. Kunakucha, Yesu yuko ufukweni, na amewasha nini? Moto wa makaa! Kwa Kiyunani neno hilo limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote: pale uani, na hapa ufukweni. Unaona? Alimrudisha kwenye moto ule ule, lakini safari hii juu yake kuna samaki, na mkate upo. Alimlisha kwanza. Ndipo akamwuliza kama anampenda, mara tatu, hesabu ile ile ya kukana. Petro akahuzunika, maana kidonda kiliguswa. Bwana hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Lakini kila alipojibu, alikabidhiwa kondoo wa kuchunga.

Siku hamsini hivi baada ya kukana, Petro alisimama Yerusalemu, mji ule ule, akahubiri, wakaongezeka watu wapatao 3,000 (Matendo 2:41).

Neema si ruhusa ya kuanguka tena. Kama uliiba, rudisha. Kama binti ana mimba yako, usitorokee mjini, nenda kwao. Ila usingoje ujitengeneze kwanza ndipo uje. Petro alijitupa majini na vazi lake, akafika kwa Yesu amelowa chapachapa.

Hapo hapo ulipo mwambie: "Bwana Yesu, nimekukana. Unajua nilipoangukia. Nisamehe, unirudishe kwako." Kisha kabla hujatoka uwanjani, sogea karibu na jukwaa, umwone mtumishi yeyote wa Mungu, umwambie jina lako.