Higgs Mbili kwa Mpigo Mmoja

Korogwe ni wilaya ya mkonge, na mtu aliyekulia Makuyuni hahitaji kuelezwa maana ya kupata kidogo kutoka katika kingi. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutoa singa, singa inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi ya kijani. Hata hivyo hakuna anayelalamika, kwa sababu singa ndiyo iliyolipandisha lile jani kwenye trekta.

Chini ya ardhi, kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi karibu na Geneva, kuna mashine ambayo hesabu yake ya makapi inaliacha mbali sana shamba lolote la mkonge. Ni mashine ya kugonganisha protoni ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Wanafizikia wanaoitumia wanatafuta tukio ambalo hutokea, kwa wastani, mara moja katika migongano trilioni mbili na nusu: bosoni mbili za Higgs kuzaliwa kwa pamoja. Maswali yafuatayo ni yale ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma fizikia angetaka yajibiwe kabla hajaamini kwamba kazi hiyo ina maana.

Tuanzie mwanzo. Higgs ni kitu gani?

Mwaka 1964, miezi michache baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Robert Brout na François Englert wa Ubelgiji, na Peter Higgs wa Edinburgh, walichapisha wazo moja kwa njia tofauti. Walisema kuna uga uliojaa kila mahali: angani, ndani ya jiwe, ndani ya jicho linalosoma maneno haya. Uga huo hauna mwelekeo, wala haupungui mtu akiondoka duniani na kwenda mbali. Chembe za msingi kama elektroni na kwarki hupata tungamo kwa kushikana nao. Fotoni, chembe ya mwanga, haishikani nao, ndiyo maana haina tungamo kabisa.

Bosoni ya Higgs ni mtikisiko wa uga huo. Uga ukigongwa kwa nishati ya kutosha, hutikisika kwa muda mfupi mno, na mtikisiko huo ndio chembe inayoitwa kwa jina la Higgs. Chembe hiyo ilitangazwa kupatikana tarehe 4 Julai 2012 na vikundi viwili vya CERN, ATLAS na CMS. Tungamo lake ni kama gigaelektronivolti 125, yaani mara 130 na zaidi ya protoni. Englert na Higgs walipewa Nobeli mwaka uliofuata. Brout alikuwa amefariki mwaka 2011.

Hapa kuna kosa linalorudiwa mara nyingi, hata katika vitabu. Husemwa kwamba Higgs ndiyo inayovipa vitu vyote uzito. Sivyo. Tungamo la mwili wa mtu linatokana na protoni na nyutroni, na karibu asilimia 99 ya tungamo la hizo ni nishati ya kwarki, na ya gluoni zinazozishikanisha, zinazozunguka ndani yake. Uga wa Higgs unachangia ile sehemu ndogo iliyobaki. Lakini bila sehemu hiyo ndogo elektroni isingekuwa na tungamo, atomu isingeundika, na pasingekuwa na mkonge wala wa kuukata.

Kama ilishapatikana mwaka 2012, mbili za nini?

Swali hili ndilo moyo wa jambo lenyewe.

Chukua bakuli lenye kilima katikati, ulitie gololi. Gololi haitakaa juu ya kilima. Itateremka na kutulia kwenye bonde linalokizunguka. Wanafizikia wanaamini uga wa Higgs uko hivyo: ulipoanza ulikuwa katikati, kisha ukateremka na kutulia pembeni, na umbali kati ya kilima na bonde ndio unaoamua chembe za msingi zitakuwa na tungamo kiasi gani.

Tungamo la Higgs lilipopimwa, lilieleza jambo moja kuhusu bakuli hilo: ukali wa mwinuko pale pale chini, gololi inapotulia. Halikueleza kuta zinapandaje zaidi ya hapo. Zinaweza kupanda taratibu, zinaweza kupanda ghafla, na huenda kwa mbali kuna bonde jingine lenye kina kirefu zaidi. Watu wawili wanaweza kuchora mabakuli tofauti kabisa ambayo chini yanafanana.

Ili kuijua sura yote lazima ijulikane Higgs inavyoshikana na Higgs nyingine. Chembe hii inatabiriwa kuwa na tabia ya pekee ya kujishika yenyewe: Higgs moja yenye nishati nyingi inaweza kugawanyika ikawa mbili. Nguvu ya kujishika huko ndiyo inayobeba habari za kuta za bakuli. Nayo haipimiki kwa urahisi kwa njia nyingine yoyote kama inavyopimika kwa kuhesabu jozi.

Mbona jozi hizo ni adimu hivyo?

Sababu ya kwanza ni gharama ya nishati. Kutengeneza Higgs moja ni kazi ngumu: hutokea mara moja katika migongano bilioni moja na nusu hivi. Mbili zinahitaji angalau nishati maradufu, na gluoni zenye nishati hiyo ndani ya protoni ni chache.

Sababu ya pili ni ya ajabu zaidi. Jozi huzaliwa kwa njia kuu mbili. Katika njia moja, Higgs moja hujigawa. Katika nyingine, Higgs mbili huchomoza kila moja peke yake kutoka kwenye duara la kwarki nzito zinazoitwa topu. Kwa kanuni za kwanta, njia hizo hazijumlishwi kama mafungu ya machungwa. Hukutana kama mawimbi, na katika suala hili hupingana: wimbi la njia moja linapopanda, la nyingine linashuka. Matokeo yake ni kwamba jozi huwa chache kuliko zile ambazo njia ya pili ingetoa ikiwa peke yake. Kama Higgs isingejishika kabisa, mashine ingetoa jozi mara mbili hivi ya zinazotabiriwa sasa. Yaani uchache wenyewe ni ushahidi, na kila jozi inayokosekana inahesabiwa kwa makini sawa na inayopatikana.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Ni handaki la mduara lenye mzingo wa kilomita 27, kwenye kina cha mita 100 hivi. Ndani yake sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri hupindisha mafungu ya protoni, mengine yakienda upande huu na mengine upande ule. Mafungu hukutana katikati ya vitambuzi mara milioni 40 kwa sekunde. Kitambuzi cha ATLAS, kikubwa kuliko vyote, kina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000. Cha CMS ni kifupi zaidi lakini kina tani 14,000.

Hakuna kompyuta inayoweza kuhifadhi yote hayo. Kwa hiyo kuna korona yake: vifaa vya elektroniki huamua papo hapo tukio lipi libaki, na kati ya mikutano milioni 40 hubakiza 100,000 kwa sekunde. Kisha kompyuta huchuja tena mpaka yabaki matukio elfu chache. Kilichotupwa hakirudi. Ndiyo maana kupanga vigezo vya kuchuja ni kazi inayowakosesha watu usingizi. Mtu akikosea hapo, jozi za Higgs zinakwenda na makapi.

Higgs haionekani. Inajulikanaje kwamba zilikuwepo mbili?

Kwa mabaki yake. Higgs huvunjika kabla haijasafiri umbali wowote unaopimika, na kinachofika kwenye kitambuzi ni vizazi vyake. Zaidi ya nusu ya Higgs, asilimia 58, huvunjika kuwa kwarki mbili za aina ya b. Kila kwarki hutoa mchirizi wa chembe, na ndani ya mchirizi huo kuna chembe inayosafiri milimita chache kabla ya kuvunjika. Milimita hizo ndizo alama. Programu za akili unde, zilizofunzwa kwa mamilioni ya mifano ya kuiga, zimekuwa hodari sana wa kuisoma alama hiyo.

Sasa piga hesabu. Theluthi moja ya jozi huishia kwenye kwarki nne za b. Ni nyingi, lakini migongano ya kawaida nayo humwaga michirizi ya b kama mvua ya masika, hivyo kuitenga ile ya Higgs ni taabu. Upande wa pili kuna njia safi: Higgs moja kuwa kwarki mbili za b, nyingine kuwa fotoni mbili. Fotoni hupimwa kwa usahihi mkubwa. Ila ni jozi 26 tu katika 10,000 zinazofuata njia hiyo. Katikati ya hizo mbili kuna njia ya kwarki za b pamoja na chembe za tau, yenye asilimia 7 hivi.

Kati ya mwaka 2015 na 2018, kila kitambuzi kati ya hivyo viwili kilishuhudia migongano ya kutosha kuzaa Higgs zaidi ya milioni 7. Jozi, kwa mujibu wa nadharia, zilikuwa kama 4,400. Zile za kwarki na fotoni zilikuwa kumi na moja au kumi na mbili, kabla ya kuondoa zilizokiponyoka kitambuzi. Watu maelfu, miaka minne, kwa matukio ambayo yangehesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Mwandishi wa makala haya haoni upotevu hapo. Anaona uaminifu wa hali ya juu kwa swali moja.

Basi zimepatikana?

Bado hazijathibitishwa. Katika fizikia ya chembe neno "ugunduzi" hutumika pale tu ambapo uwezekano wa kudanganywa na bahati ni kama mmoja katika milioni tatu na nusu. Jozi za Higgs hazijakaribia hapo.

Kilichopatikana ni mipaka, na mipaka inabana mwaka hadi mwaka. CMS ilitangaza mwaka 2022 kwamba jozi haziwezi kuzidi mara 3.4 ya kiasi kinachotabiriwa. Mwaka 2024 ATLAS, kwa kuunganisha njia zake zote, ilifika mara 2.9. Kuhusu nguvu ya kujishika, ATLAS ilionyesha kwamba iko kati ya hasi 1.2 na chanya 7.2, pale ambapo utabiri wa nadharia ni 1. Uwanja huo bado ni mpana. Hata sifuri imo ndani yake, yaani haijathibitishwa kwamba Higgs inajishika.

Mashine itafumuliwa na kuimarishwa, na inatarajiwa kurudi kazini karibu na mwaka 2030 ikiwa na migongano mingi zaidi. Mpaka itakapomaliza kazi, kila kitambuzi kitakuwa kimepitiwa na jozi zaidi ya 100,000. Hapo jibu linatarajiwa kupatikana.

Jibu hilo litabadilisha nini?

Halitapunguza bei ya mbolea, na si haki kumwahidi mtu hivyo. Litagusa swali la kwa nini kuna kitu chochote. Ulimwengu ulipoanza, maada na kinyume chake, antimata, vilipaswa kuwa sawa kwa sawa, vikutane na kufutana. Maada ikabaki. Maelezo mojawapo ni kwamba uga wa Higgs haukuteremka polepole kwenye bonde lake, bali ulibadilika kwa kishindo, mapovu kwa mapovu, kama maji yanavyochemka sufuriani, na katika vurugu hiyo maada ikapata upendeleo mdogo. Nadharia iliyopo inasema mteremko ulikuwa wa taratibu. Kujishika kwa Higgs kukionekana kuwa tofauti na 1, hadithi ya mapovu itapata nguvu.

Afrika Mashariki imo katika kazi hii?

Imo kwa watu zaidi kuliko kwa taasisi. Kwa bara zima, Morocco ilitangulia katika ATLAS na Afrika Kusini ikafuata. Vyuo vya Tanzania bado havimo, na hilo ni pengo linalostahili kuzungumzwa bungeni na vyuoni.

Lakini njia imeanza kusafishwa. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010, ilifika Kigali mwaka 2016. Mmoja wa waasisi wake ni Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani, aliyewahi kuwa mratibu katika kikundi cha ATLAS kilichokuwa kikiitafuta Higgs. Kigali hiyo hiyo, tangu 2018, kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964. Kutoka Korogwe hadi Kigali ni safari ya basi, si ya ndoto.

Na mwanafunzi wa Makuyuni aanzie wapi?

Kwenye hisabati, na kwenye lugha ya programu iitwayo Python, ambayo haina ada. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa hatua ya kwanza. Tangu 2014 CERN imeweka sehemu ya data zake wazi kwa yeyote, na zimo data za CMS za 2011 na 2012 pamoja na programu ya mfano. Mwenye subira anaweza kuziendesha mwenyewe mpaka kinundu cha Higgs kichomoze kwenye grafu, pale pale kwenye 125.

Julai 2024 ATLAS nayo ilifungua data zake za 2015 na 2016, matukio zaidi ya bilioni 7. Ukizidisha migongano ya miaka hiyo miwili kwa utabiri wa nadharia, unapata kwamba jozi kama 1,100 za Higgs zilizaliwa ndani ya kitambuzi. Za kwarki na fotoni zingekuwa tatu.