Chupa ya Babu na Mota ya Polepole

Nyumba nyingi za zamani hapa Rujewa zina chupa moja ambayo hakuna anayekumbuka iliingiaje. Iko juu ya kabati au nyuma ya magunia ya mpunga: kioo kinene cha kijani, maandishi yametokeza ubavuni, na ndani ukungu mweupe usiotoka hata uisugue hadi mkono uchoke. Kuna namna ya kuirudishia mng'aro, na vifaa vingi vinavyohitajika havihitaji safari ya Mbeya mjini.

Kwanza ijue chupa yako. Tazama mshono ulioachwa na kalibu. Ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa ilitoka kwenye mashine, kama ile aliyoibuni Michael Owens wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiishia shingoni, yaelekea mdomo ulimaliziwa kwa mkono na chupa ni kongwe zaidi. Chupa ya namna hiyo ioneshe kwanza kwa mtu anayejua vitu vya kale. Na kama unafikiria kwenda kuchimba nyingine kwenye magofu, acha: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kwa kazi hiyo.

Kisha uujue ukungu wenyewe. Jaza siki, acha usiku kucha. Ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji tu. Uchafu ulioganda ndani, mafuta ya zamani kwa mfano, mwagia konzi moja ya chenga za mchele, sabuni na maji ya uvuguvugu, ziba mdomo, tikisa. Chenga zinafika kwenye kona ambazo brashi haifiki, na kwa mashine za kukoboa tulizonazo hapa, chenga si kitu cha kutafuta. Usitumie mchanga. Mimi nilitumia mchanga wa mtoni kwenye chupa yangu ya kwanza, nikaipata safi na imejaa mikwaruzo. Mchanga ni mgumu kuliko kioo.

Ukungu unaobaki baada ya hayo yote si uchafu. Ni kioo chenyewe kimeliwa. Unyevu wa miaka mingi umenyonya sodiamu kutoka kwenye ngozi ya kioo, na hakuna sabuni ya kurudisha kilichoondoka. Dawa ni kuipunguza ngozi hiyo kidogo kidogo, na hapo ndipo pipa la kuzungusha linapoingia.

Pipa ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, refu kuliko chupa, lenye vifuniko viwili visivyovuja. Chupa inakaa katikati, imeshikwa kitakoni na shingoni na vipande vya ndala kuukuu vilivyokatwa vikabana. Ikigusa bomba au ikicheza, utaikuta vipande. Nafasi iliyobaki, weka vipande vya waya wa shaba hadi karibu nusu. Waya wa nyumba wa 2.5 wenye uzi mmoja unafaa: uchune plastiki, ukate vipande vya milimita 2 au 3. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote, wape vijana. Shaba ni laini kuliko kioo, kwa hiyo haikwaruzi. Kazi yake ni kubeba unga wa kung'arishia na kuusugua taratibu. Ongeza maji yafunike shaba, na kijiko kimoja au viwili vya unga wa siriamu, ule wanaoutumia mafundi wa vioo vya magari kuondoa mikwaruzo. Ndani ya chupa nako weka shaba, maji na unga, halafu uzibe kwa kizibo cha mpira. Shaba nunua dukani. Waya unaouzwa kwa kilo na mtu asiyetaja alikoutoa unaweza kukupeleka polisi.

Sasa mwendo, ambao ndio unaowashinda wengi. Mota ya kawaida huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na pipa linataka 20 hadi 30. Likienda kasi, shaba inaganda ukutani na haisugui kitu. Pipa linalala juu ya rola mbili, na moja ndiyo inayozungushwa na mota. Ili kupunguza mwendo, mwone fundi baiskeli. Rimu tupu ya sentimita 60 ni puli kubwa nzuri: fundi wa kuchomelea aifunge kwenye shafti ya rola, mkanda upite kwenye mfereji wa rimu hadi puli ya sentimita 4 kwenye mota. Rola itazunguka kama mara 97. Rola ya bomba la chuma la robo tatu, ikivishwa tyubu ya baiskeli isiteleze, inakuwa na unene wa sentimita 3 hivi, na pipa la sentimita 11 likilala juu yake litazunguka kama mara 26. Rola ya pili, ya upande wa pili, iache izunguke yenyewe juu ya beringi. Urefu wa mkanda upime kwa kamba kabla hujanunua.

Mota iinue juu ya usawa wa maji, ifunge waya wa ardhi, na mkanda uufunike. Vidole vya watoto huvutwa na kitu kinachozunguka. Umeme ukikatika, hakuna hasara, ukirudi endelea. Acha siku tatu, lakini kila siku fungua utazame. Ukungu mzito unaweza kutaka zaidi, na maandishi yaliyotokeza nayo hulika polepole, kwa hiyo simama mapema kuliko unavyotaka.

Maji yaliyotumika yana unga wa kioo na shaba. Usiyamwage mferejini: mifereji ya hapa Mbarali inanywesha mashamba, na yanayobaki yanakwenda Ruaha Mkuu. Yaache yatuame kwenye ndoo, tope likaushe, lifunge kwenye mfuko na kulitupa dampo.

Na chupa iliyong'aa isirudi jikoni kama hujui ilibeba nini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ya zamani ilikuwa na aseniki, na chupa nyingi za viuatilifu hazina lebo tena. Iweke dirishani. Asali iwekee chupa mpya.