Dondoo muhimu: Betri ya laptopu ikianza kusumbua

Jua la mji wa Wote ni kali, na joto ndilo huzeesha betri za lithiamu upesi. Usiiache laptopu ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala usiichaji juu ya godoro. Matundu ya hewa huziba.

Haichaji? Jaribu kwanza soketi nyingine, kisha kagua tundu la chaja, maana vumbi hushikamana humo.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotolewa, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Uwezo wa sasa ukiwa chini ya nusu, nunua betri nyingine. Programu za “kufufua” betri ni kupoteza pesa.

Kibodi ikiinuka au kava likiachana, huenda betri imevimba. Zima laptopu, chomoa chaja, usiibonyeze betri wala kuitoboa: inaweza kulipuka na kuwaka moto. Mpelekee fundi laptopu siku hiyohiyo.