SOMO LA AFYA: Upele Hautibiwi Mtu Mmoja Mmoja



Somo letu wakati huu ni upele, ule ambao Wakikuyu huuita ũhere. Ni ugonjwa wa aibu. Mama huja mkutanoni akificha vidole ndani ya leso, na akiulizwa anasema ni baridi. Lakini swali moja husikika kila mahali watu wanapoishi karibu karibu, iwe ni Kiandutu, Makongeni au Kiganjo hapa Thika, au huko Kihunguro na Githurai Kimbo upande wa Ruiru: "Nimepaka dawa, nimemaliza tyubu mbili tatu, na bado inarudi. Kwani hii dawa ni feki?"

Mara nyingi dawa si feki. Dawa ilipewa mtu mmoja, na ugonjwa ulikuwa wa nyumba nzima.

Kwanza tumjue adui. Upele hauletwi na damu chafu, wala kurogwa, wala maji ya mto Chania. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku anaweza kuupata. Unaletwa na kidudu cha jamii ya utitiri, ndugu wa mbali wa ule utitiri wa kuku. Urefu wake haufiki nusu milimita. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi ya juu, kama fuko shambani, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na baada ya kama wiki 2 watoto wamekomaa nao wanachimba. La kushangaza ni kwamba mtu mwenye upele wa kawaida huwa na vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kuwashwa kote huko ni mwili unaovikataa vidudu hivyo, mayai yao na mavi yao.

Sasa shikeni hesabu hii, maana hapo ndipo wengi tunapotegwa. Mtu akiambukizwa kwa mara ya kwanza, hawashwi leo wala kesho. Mwasho huanza baada ya wiki 4 hadi 6. Muda huo wote anaonekana mzima kabisa, anajisifu kwamba yeye hana, na huku anawapa wengine. Lakini mtu aliyewahi kuugua akiambukizwa tena, mwasho unakuja haraka, siku 1 hadi 4 tu.

Tuchukue mfano wa chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Baba na mama wana kitanda chao nyuma ya pazia. Watoto watatu wanalala kwa godoro chini. Kando ya mlango kuna kitanda kidogo cha vijana wawili, shemeji na binamu, waliokuja kutafuta kazi viwandani. Shemeji ako shifti ya usiku, binamu ako shifti ya mchana. Kitanda hicho hakipoi: huyu akiamka, yule anaingia. Siku ambayo hakuna kazi wanabanana wote wawili.

Mtoto wa katikati anapata upele kwa rafiki yake. Wiki ya sita anaanza kujikuna usiku. Mama ananunua dawa, anampaka, anapona. Lakini kwa wiki hizo sita alikuwa analala katikati ya ndugu zake, na asubuhi alikuwa anapanda kitanda cha mama. Kwa hivyo wiki mbili baadaye ndugu yake naye anaanza kujikuna. Mama ananunua dawa tena, anampaka huyo wa pili. Yule wa kwanza sasa amerudishiwa. Ikifika zamu ya shemeji kuwashwa, mama amechoka, pesa zimekwisha, na anasema dawa haifanyi kazi. Ukijumlisha pesa za chumba hicho kwa miezi minne, zingetosha kuwatibu wote saba kwa siku moja na chenji ikabaki.

Jambo hili limepimwa vizuri katika visiwa vya Fiji, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki, na matokeo yalitolewa mwaka 2015. Jamii tatu za visiwani zilitibiwa kwa njia tatu. Ya kwanza, waliokuwa wagonjwa walitibiwa pamoja na watu wa nyumba zao, kama kliniki zinavyofanya kwa kawaida. Ya pili, watu wote walipewa krimu ya permethrin, awe anawashwa au hawashwi. Ya tatu, wote walipewa vidonge vya ivermectin. Baada ya mwaka mmoja, kundi la kwanza lilishuka kutoka wagonjwa 37 katika kila watu 100 hadi 19. La pili lilitoka 42 hadi 16. La tatu lilitoka 32 hadi wawili hivi. Dawa ni ya maana, ndio, lakini oneni pia nguvu ya kutibu watu wote kwa pamoja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na hukadiria kwamba wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Kwa hivyo mama mwenye leso asijione yuko peke yake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisheni ni upele. Unawasha zaidi usiku, mtu akishapata joto la blanketi. Vipele vidogo hukaa katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kwapani, kuzunguka kitovu na kiuno, matakoni, kwenye chuchu za mama na sehemu za siri za mwanamume. Kwa mtoto mchanga hufika hata kichwani, viganjani na nyayoni. Na kwa kawaida zaidi ya mtu mmoja nyumbani wanajikuna. Mashilingi ni kitu kingine: ni kuvu, hukaa kama duara lenye ukingo ulioinuka, na hutibiwa kwa dawa ya kuvu kila siku kwa wiki kadhaa. Ukipaka dawa ya mashilingi kwa upele umetupa pesa, na vivyo hivyo ukigeuza. Kama hamna hakika, nendeni zahanati, ama mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu aangalie.

Halafu kuna zile krimu za tyubu zinazouzwa kiholela, ambazo ndani yake mna dawa kali ya kutuliza ngozi, steroidi. Hizi ndizo zinazotudanganya zaidi. Siku ya pili mwasho unapungua, wekundu unaisha, mtu anashukuru Mungu. Vidudu viko pale pale vinataga. Krimu ikiisha, upele unarudi ukiwa umeenea na umebadilika sura, hata daktari anapata shida kuutambua. Krimu nyingine za kung'arisha uso zina dawa hiyo hiyo.

Dawa zenyewe za upele ni hizi. Losheni ya benzyl benzoate ya asilimia 25 ni ya siku nyingi na bei yake si kubwa, ingawa inachoma kidogo, hasa palipo na mikwaruzo. Watoto hupakwa ikiwa imepunguzwa makali kwa maji, na kipimo aonyeshe mtaalamu. Permethrin ya asilimia 5 ni laini zaidi, na inafaa hata kwa mtoto aliyepita miezi 2. Mafuta ya salfa yananuka, lakini ni salama kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Vidonge vya ivermectin hutolewa kulingana na uzito, na havipewi mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Na tafadhali, ivermectin ya sindano ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Dawa ya kuogeshea mifugo msiguse kabisa, kwa maana sumu yake hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari na Jik nazo huunguza ngozi na kuacha upele ukicheka.

Siku yenyewe ipangwe kama vile tunavyopanga harambee. Andikeni majina ya wote wanaolala katika chumba, pamoja na yule wa shifti, mgeni aliyekaa wiki jana, na msichana wa kazi. Huyu wa mwisho husahaulika sana, na ndiye anayembeba mtoto mchana kutwa. Pelekeni orodha hiyo zahanati ili dawa zihesabiwe kwa watu wote. Jumamosi jioni ni saa nzuri kwa wengi. Oga, jikaushe, ngoja ngozi ipoe, kisha paka kuanzia shingoni hadi vidoleni. Usipake pale panapowasha peke yake. Paka katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, mgongoni (hapa mtu asaidiwe), matakoni na nyayoni. Watoto wadogo wapakwe hata kichwani, ukikwepa macho na mdomo. Ukinawa mikono, paka mikono tena. Wengi hushindwa hapo tu: mama anapaka watu sita, ananawa apike chai, na mikono yake ndiyo yenye vidudu.

Permethrin hukaa saa 8 hadi 14 kabla ya kuoga. Benzyl benzoate hukaa siku nzima, na hurudiwa kama mlivyoelezwa zahanati.

Na yule wa shifti ya usiku? Asiambiwe "utapaka wiki ijayo ukibadilishiwa zamu." Kidudu hakijui mchana wala usiku. Akitoka kazini Jumapili asubuhi, aoge, apake, alale kwa shuka safi hadi jioni. Saa zake nane zimetimia. Kinachohitajika ni wote wapake ndani ya siku moja.

Permethrin hurudiwa baada ya siku 7, watu wote tena, hata aliyepona, kwa ajili ya mayai yaliyobaki. Vidonge navyo vina dozi ya pili, na tarehe yake mtapewa. Hapa ndipo vikundi vinaweza kusaidia sana: karani aiandike tarehe ya pili siku ile ile ya kwanza, kwa maana mwasho ukipungua watu husahau.

Juu ya kufua, wengine hujichosha bure. Katika miaka ya 1940, wakati wa vita, mtaalamu Kenneth Mellanby alifanya majaribio katika mji wa Sheffield, Uingereza. Wasaidizi wake walikuwa vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri. Walilala wamejifunika mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele, na hata kuvaa nguo zao za ndani. Ni wachache sana walioambukizwa. Upele husafiri hasa ngozi kwa ngozi, watu wakikaa wamegusana kwa muda, kama kulala pamoja au kumbeba mtoto. Kusalimiana kwa mkono kanisani hakutoshi. Basi fueni shuka, nguo na taulo za siku tatu zilizopita kwa maji moto, anikeni juani, inatosha. Blanketi zito lisilofulika, lifungeni ndani ya gunia safi kwa siku 3 hadi 4. Kidudu kikikosa mwili wa mtu hakimalizi siku nyingi.

Mkiisha kutibiwa, mwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 ingawa vidudu vimekufa. Msipake dawa kila siku kwa hofu, mtaharibu ngozi. Ombeni dawa ya kutuliza mwasho. Lakini vipele vipya vikizidi kutokea baada ya mwezi, kuna mtu hakupaka, au jirani anawarudishia. Hapo inafaa kuongea na ploti nzima na keateka wake, maana watoto wa vyumba kumi hucheza uwanja mmoja. Mtoto aliyepakwa dawa usiku anaweza kwenda shule kesho yake.

Wahenga walisema upele humpata asiye na kucha. Sisi tunazo, na ndizo zinazoleta hatari kubwa. Mikwaruzo huingiwa na viini, ngozi inatoa usaha, na viini hivyo huweza kudhuru mafigo. Mtoto mwenye upele akivimba uso asubuhi, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mwenye homa na madonda ya usaha, mtoto mchanga, na mtu ambaye ngozi yake imefanya magamba mazito. Magamba hayo yana vidudu maelfu, na huyo matibabu yake ni tofauti, na hata nguo zake huambukiza.

Someni pia Walawi 13. Kuhani hakuhukumu kwa kuangalia mara moja. Alimtazama mtu, akangoja siku saba, akamtazama tena, na mavazi nayo yakakaguliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ploti yenu, ni nani hulala chumbani lakini husahauliwa watu wakihesabiwa?

2. Wenye shifti tofauti wanaweza kupaka dawa siku gani, ili wote wamalize ndani ya siku moja?

3. Je, merigoraundi yenu inaweza kukopesha nyumba moja pesa za dawa za watu wote kwa mara moja, na zirudishwe kidogo kidogo? Nani ataweka tarehe ya kupaka mara ya pili?