Siri ya Mgonjwa ni Amana

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: kijana atakaye kwenda kufanya kazi Saudia, Kuwait au Qatar hupimwa kwanza huku kwetu, damu na kifua, katika vituo vilivyokubaliwa na nchi hizo. Je, kupimwa huko kwafaa kisharia? Na majibu yake ni haki ya nani kuyajua?

Ama kupimwa, hapana ubaya. Kila nchi ina haki ya kuwalinda watu wake. Bwana Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuingia penye tauni, wala asitoke kwa kuikimbia, na Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia kuwa Sham ina tauni alirudi kutoka Sargh.

Neno kubwa ni hilo la pili. Miongoni mwa yatafutwayo humo ni kifua kikuu, ukimwi, homa ya ini, kaswende, na kwa wanawake mimba. Likionekana moja, mtu huandikwa kuwa hafai kusafiri. Neno hilo likifika mtaani hugeuka hukumu ya zina! Twastaajabu. Kovu la kifua kikuu kilichopona zamani laweza kumzuia mtu safari; homa ya ini ya aina ya B mtoto aweza kuipata kwa mamake siku ya kuzaliwa; na mimba ya mke wa mtu ina aibu gani? Asemaye bila ya kujua amekusanya dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, mambo matatu yaliyokatazwa pamoja katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat.

Tabibu na karani wake wameaminiwa. Wakala wa safari, kwa maoni yetu, yamtosha kujua kuwa mtu afaa au hafai. Kuyasoma majibu mbele ya wenziwe, au kumpigia simu baba mtu kabla ya mwenyewe kuambiwa, ni khiana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Brunei mwaka 1993 liliamua kuwa siri ya mgonjwa isifunuliwe ila pale ambapo kuificha kwaleta madhara makubwa zaidi. Na katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, yalinda faragha ya mtu. Mume, mke au mchumba ana haki ya kujua ugonjwa uambukizao, na wa kwanza kumwambia ni mgonjwa mwenyewe.

Aambiwaye hafai na aulize sababu, asijifiche nyumbani. Kifua kikuu kwa kawaida chatibika kwa dawa za miezi sita, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Iko na hila tuliyoisikia: kumtuma mwingine atoe damu kwa jina la msafiri. Huko si kusitiri, ni udanganyifu. Msafiri hupimwa tena akifika, akarudishwa na deni shingoni. Na fedha aliyoipokea mwenye kutoa damu ni haramu kwake, hata akisema amemsaidia ndugu yake.