Chombo, Zana na Neno: Uhifadhi wa Zana za Kale za Majini katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya msamiati katika uhifadhi wa vyombo na zana za kale za usafiri wa majini, kwa kurejelea wilaya za Kasulu na Kibondo na bonde la mto Malagarasi. Hoja yetu ni kwamba zana iliyohifadhiwa bila jina lake, majina ya sehemu zake na vitenzi vya matumizi yake imehifadhiwa nusu tu. Tunaonyesha kuwa katika nyanda hizi chombo cha chuma kimepata kumbukumbu na mtumbwi haukupata, na kwamba kasoro hiyo inaweza kupunguzwa na wanaisimu wakishirikiana na vyama vya historia na makumbusho.

1.0 Utangulizi

Atajapo mtu vyombo vya kale vya majini, fikra za wengi huelekea Lamu, Unguja au Kilwa. Ni wachache watakaofikiria Kasulu au Kibondo, nchi ya vilima, migomba na maharage. Hata hivyo, nyanda hizi zimepitiwa na Malagarasi, mto wenye urefu wa kilometa zipatazo 475, unaoanzia karibu na mpaka wa Burundi, ukafuata mpaka huo kwa sehemu, ukaingia katika mabwawa makubwa ya mashariki, kisha ukageuka magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Penye maji ya kiasi hicho hapakosi chombo, na penye chombo hapakosi lugha ya chombo.

2.0 Mto, Kivuko na Hongo

Ushahidi wa maandishi kuhusu vivuko vya Malagarasi ni wa tangu karne ya 19. Burton na Speke walivuka mto huo mwaka 1858 kabla ya kufika Ujiji mwezi Februari. Stanley aliuvuka mwaka 1871 kwa mitumbwi, baada ya mabishano marefu juu ya malipo. Katika kivuko hicho punda wake aliyeitwa Simba alikamatwa na mamba. Baada ya hapo Stanley alipita nchi ya Waha akitozwa hongo na mtawala mmoja baada ya mwingine, hata akaamua kusafiri usiku kuwakwepa.

Neno hongo linastahili kuangaliwa kwa makini. Wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru ambao msafiri alimlipa mtawala ili apewe njia. Leo maana inayotawala ni rushwa. Mtumbwi wa kivuko, basi, ulikuwa pia chombo cha utawala: mwenye mtumbwi ndiye aliyeshika njia. Atakayeweka mtumbwi wa Malagarasi katika chumba cha makumbusho bila kueleza malipo ya kuvushwa atakuwa ameonyesha gogo lililochongwa, si kivuko.

3.0 Chuma na Mti: Hifadhi Mbili Zisizolingana

Chombo mashuhuri zaidi cha kale mkoani Kigoma ni meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mahali Malagarasi unapoingia ziwani, baada ya kupaka mitambo yake grisi isipate kutu. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa. Mwaka 2015, ilipotimiza karne moja, ilikuwa ikivusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, ambao wengi wao walipelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kwa njia hiyo historia ya chombo cha ziwani imeungana na historia ya nyanda za juu.

Liemba ina michoro, picha, tarehe na vitabu. Mtumbwi hauna. Sababu ya kwanza ni mali-ghafi yenyewe: mti huoza, huliwa na mchwa, na mtumbwi uliochakaa hugeuzwa kuni. Sababu ya pili ni namna tunavyopima ukale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kuvitambua vitu vya kale vinavyohamishika, ingawa inatambua pia vitu vya kiutamaduni vilivyotengenezwa baada ya hapo. Ni mitumbwi michache mno inayoweza kufikia umri huo. Katika mtumbwi kilicho cha kale ni ufundi: namna ya kuchagua mti, kuuchimba na kuuendesha majini. Ufundi huo hauhifadhiwi kwa kufungiwa kabatini. Huhifadhiwa katika mikono na katika maneno.

4.0 Neno kama Ghala la Zana

4.1 Maneno ya Pwani Bara

Kiswahili cha bara kimejaa zana za bahari ambazo wasemaji wengi hawajaziona. Kijana wa Kibondo humwita kiongozi wa timu ya mpira nahodha. Dereva wa lori hushika usukani. Shughuli iliyoharibika huambiwa imekwenda mrama. Na methali husema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nahodha na nanga ni maneno yenye asili ya Kiajemi, usukani ni wa Kiarabu, roda ni ya Kireno na meli imetokana na Kiingereza. Msamiati huu wenyewe ni makumbusho ya biashara ya Bahari ya Hindi, na umefika mahali ambapo jahazi halikufika.

Aidha, Kiswahili hutofautisha kwa uangalifu zana zinazofanana. Kafi hushikwa mkononi bila kufungwa popote. Kasia hupitishwa katika kishwara kilichofungwa ubavuni mwa chombo. Pondo hugusa chini ya maji na kusukuma. Kwa hiyo mtu hupiga kafi, huvuta kasia, na huenda kwa pondo. Lebo ya makumbusho inayoziita zote tatu “fimbo za kuendeshea mtumbwi” imefuta maarifa ya vina, mikondo na umbo la chombo.

4.2 Ubwato na Jamaa Zake

Hata hivyo, ghala hilo lina upungufu. Kiha, ambacho katika uainishaji wa Guthrie ni D66, ni jirani wa karibu wa Kirundi (D62) na Kinyarwanda (D61). Katika lugha hizi mtumbwi ni ubwato, na wingi wake katika Kirundi ni amato. Mzizi huo unapatikana katika eneo kubwa la Kibantu: bwato katika Kilingala na Kichewa, obwato katika Kihaya, eryato katika Kiganda. Kiswahili sanifu hakiutumii. Hutumia mtumbwi, na chombo kama jina la jumla.

Katika Kihaya na Kiganda neno hilohilo hutaja pia hori la mti la kukamulia pombe ya ndizi. Tukio hili la kisemantiki linatufundisha jambo kuhusu zana: fundi aliyechimba gogo kwa ajili ya maji ndiye aliyeweza kulichimba kwa ajili ya pombe. Katika nchi ya migomba, mtafiti anayetafuta ufundi wa mtumbwi hana budi kutazama pia uani, si mtoni peke yake.

5.0 Funzo la Mtepe

Hatari ya kuchelewa tunaijua kutokana na mwambao. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka majini katika karne ya 20. Bahati njema, James Hornell alikuwa ameandika juu ya mtepe na dau la Lamu, na makala yake yalitolewa pia mwaka 1942 katika Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe wa mfano kwa ajili ya Jumba la Ajabu mjini Zanzibar, ilibidi kutegemea mifano midogo, picha na maandishi ya namna hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilibomoka. Basi hata jengo la mawe si kinga ya kutosha; lililoandikwa na kusambazwa ndilo lenye matumaini zaidi.

6.0 Mapendekezo

Tunapendekeza kwamba ukusanyaji wa zana za majini katika Kasulu na Kibondo uambatane na ukusanyaji wa msamiati, kwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(i) Jina la chombo na la kila sehemu yake, kwa Kiha na kwa Kiswahili cha mahali, pamoja na ngeli, wingi na toni.

(ii) Vitenzi vya kuunda, kuendesha, kutengeneza na kutupa chombo. Mara nyingi wakusanyaji huandika nomino na kusahau vitenzi, ilhali ufundi umo katika vitenzi.

(iii) Majina ya miti, na sababu za kuuchagua mmoja na kuuacha mwingine. Tukumbuke kwamba wafanyabiashara wa Ujiji walitegemea mitumbwi ya mivule kutoka Ugoma, ng’ambo ya ziwa.

(iv) Majina ya watu na malipo: mvushaji, mwenye kivuko, ushuru, miiko.

(v) Misemo na mafumbo yaliyotokana na chombo, kwa kuwa hayo hudumu baada ya chombo kutoweka.

7.0 Hitimisho

Madaraja yanaondoa vivuko, nasi hatuna sababu ya kulilia hilo. Mama mjamzito anayewahi hospitali hahitaji mtumbwi wenye historia. Lakini daraja linapofunguliwa, mvushaji huweka pondo chini, na msamiati wake hubaki bila kazi. Kizazi kimoja kinatosha kuufuta. Meli ya chuma inaweza kulala chini ya maji miaka minane na kuinuliwa. Neno la mvushaji likizama pamoja naye, hakuna winchi ya kuliinua. Kazi ya kulichukua kabla ya hapo ni ya idara za lugha kama ilivyo ya makumbusho, na vifaa vinavyohitajika ni daftari, kinasa sauti na subira ya kukaa na wazee wa mtoni.