Nakala ya Barua Pepe Hukaa Wapi?

Mwalimu anaweza kusoma barua pepe zake kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia programu maalumu iliyowekwa ndani ya kompyuta yake, kama vile Thunderbird au Outlook. Ya pili ni kufungua kivinjari na kuingia katika tovuti ya huduma, kama vile Gmail. Barua azionazo ni zile zile. Lakini tofauti ya njia hizi hudhihirika siku mtandao unapokatika au kompyuta inapoibwa.

Safari ya barua

Barua pepe haitoki kwa mwandishi na kufika moja kwa moja kwa msomaji. Hufikia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta iwakayo usiku na mchana ili kupokea na kutunza barua, mfano wa sanduku la posta. Kanuni za kupeleka barua, zijulikanazo kama SMTP, ziliwekwa mwaka 1982.

Kanuni za kuchukua barua sandukuni ni za aina mbili. POP, iliyotolewa mwaka 1984, hufanana na mtu aendaye posta: huzibeba barua zote hadi nyumbani na, isipoagizwa vinginevyo, aghalabu huliacha sanduku tupu. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, huziacha barua kwenye seva na kuipatia kompyuta nakala tu. Njia ya tovuti, iliyoenezwa na Hotmail kuanzia mwaka 1996, huonyesha barua kwenye kioo bila kuzihamisha kutoka kwenye seva.

Hesabu ya mfano

Chukulia kwamba mwalimu ametumiwa kiambatisho cha megabaiti 3. Ili kisafiri ndani ya barua, kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Hivyo kiambatisho hugeuka kuwa megabaiti 4, ambazo ni megabiti 32. Kwa mtandao wenye kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, programu ya mezani itahitaji sekunde 250, yaani dakika 4 na sekunde 10. Baada ya hapo mwalimu aweza kukifungua mara nyingi atakavyo, hata bila mtandao.

Tovuti hukirudisha kiambatisho katika umbo lake la awali, kwa hiyo megabaiti 3 tu hupita. Lakini akikipakua upya mara 4, zitapita megabaiti 12. Kwa upande mwingine, programu ya mezani yaweza kuchukua hata viambatisho asivyovihitaji. Basi anayesoma mara moja na kusahau hunufaika na tovuti. Anayerudia barua zake kila siku hunufaika na programu.

Hatari za kila njia

Mwenye kutumia POP na kuacha sanduku tupu ana nakala moja tu. Diski ikiharibika, barua za miaka mingi hupotea. IMAP hupunguza hatari hiyo, lakini si akiba kamili: barua ikifutwa kwenye kompyuta, hufutwa pia kwenye seva. Mwenye kutumia tovuti hana kazi pindi mtandao ukatikapo. Tena, akiwa kwenye kompyuta ya watu wengi na kusahau kutoka, ajaye baada yake aweza kusoma na hata kuandika barua kwa jina lake.

Uamuzi

Mwenye kompyuta yake mwenyewe na mtandao wa kukatika-katika yamfaa programu ya mezani kwa kanuni ya IMAP. Ataandika majibu wakati wowote, nayo yatangoja hadi mtandao urejee. Mwanafunzi atumiaye kompyuta ya maktaba yamfaa tovuti, mradi atoke kila amalizapo. Wote wawili wanapaswa kuweka nakala ya barua muhimu mahali pengine, kwani kitu chenye nakala moja ni kitu kilicho karibu kupotea.

Maswali

1. Kiambatisho cha megabaiti 6 kitachukua muda gani kuingia katika programu ya mezani kwa kasi ya kilobiti 256 kwa sekunde?
2. Kwa nini IMAP haitoshi kuwa akiba ya barua?
3. Shule ina kompyuta moja na walimu 12. Ni njia gani inayofaa, na kwa masharti gani?